Cherehani ya Bibi na Hatua Mia Sita

“Toa mkono wako hapo, dada Mwajabu.”

“Nafuta vumbi.”

“Vumbi halifutwi kwa kushika mpini.”

“Basi nimeushika. Utanikata kidole?”

Yule mdogo, Sikudhani, aliweka kiganja juu ya cherehani, akakandamiza. Sasa walikuwa wameishika wote wawili, mmoja upande wa gurudumu, mwingine upande wa sindano, na kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikiifunika kilikuwa kimeanguka sakafuni.

“Una miaka kumi na saba,” Mwajabu alisema. “Hata kutia uzi kwenye tundu la sindano hujui. Unaitaka ya nini? Uipange maua juu?”

“Nitafundishwa. Fundi Kihiyo kasema niende nayo kesho.”

“Utafundishwa! Hatua tu zimekushinda kuhesabu, utaweza kupima kiuno cha mtu?”

Neno la hatua lilimchoma Sikudhani, maana lilikuwa la kweli. Alitafuta la kujibu, akalipata.

“Mimi nilikosea hesabu. Wewe ulisikia kahawa isiyokuwepo.”

“Na bado mlifika,” ilisema sauti ya tatu kutoka kwenye kiti cha pembeni. “Kwa sababu ya nani? Mngelala kwa shangazi, mkamenya vitunguu mpaka Jumapili. Semeni, ‘Ahsante, kaka Mbaruku,’ halafu mniletee cherehani yangu.”

“Nyamaza, mwongo!” walimwambia kwa pamoja.

Nje barazani Bibi Mwantumu alikuwa akichambua maharage. Alisikia yote, akachota maharage mengine.

Wewe usichague upande bado. Jambo hili lina mwanzo wake.

Hawa watatu walikuwa wajukuu wa Bibi Mwantumu, kila mmoja na baba yake, na wote waliishi kijiji kimoja juu ya Soni, kwenye milima ya Usambara. Kila mmoja alijulikana kwa kipaji kimoja.

Mwajabu, mkubwa wao, alikuwa na masikio. Akiwa jikoni aliweza kukwambia nani anapanda njia kwa mlio wa kandambili zake, na kama amebeba mzigo au yuko mikono mitupu. Kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani Tanga mjini miaka miwili, na alirudi na sauti za mji kichwani kama watu wengine wanavyorudi na picha.

Mbaruku alikuwa na mdomo. Aliuza nguo za mitumba kwenye magulio, na watu walisema aliwahi kumuuzia koti mtu aliyekuja kumdai. Ukimkasirikia saa mbili, saa tatu unamkaribisha chai.

Sikudhani alikuwa na miguu. Alitembea, na akitembea alihesabu. Alijua ni hatua ngapi kutoka kwao mpaka msikitini, mpaka gulioni, mpaka kwenye lango la shule ambayo kwake iliishia kidato cha pili, baba yake alipougua. Hesabu hiyo ya mwisho hakuwa na kazi nayo tena, lakini haikumtoka.

Na Bibi? Bibi alikuwa na hamu moja tu.

Alikuwa amekwenda Tanga mjini mara kumi na moja maishani mwake, na kila mara alikwenda kwa shughuli ya mtu: harusi, matanga, mgonjwa, arobaini. Kila mara alifikia kwa ndugu, akalala kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine saba, akaamshwa alfajiri kumenya vitunguu. Mara zote hizo, bahari aliiona kupitia dirisha la basi.

Siku moja, baada ya kuuza matunda damu yote ya shambani kwake, aliwaita wajukuu.

“Nataka kwenda mjini siku mbili,” alisema. “Hakuna aliyeoa, hakuna aliyekufa. Nakwenda kutembea. Nilale nyumba ya wageni, kitanda changu, mlango wangu. Asubuhi nitoke kwa miguu yangu, sitaki bajaji wala pikipiki, nifike baharini, nikae, ninywe kahawa, nirudi kwa miguu yangu. Na nisimenye kitunguu cha mtu.”

“Bibi, goti lako,” Mwajabu alisema.

Goti la Bibi lilikuwa na mpaka wake, na nyumba nzima iliujua. Aliweza kwenda kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye bomba la kijiji, akapumzika, akarudi. Akizidisha hapo, goti huvimba, na huwa haendi popote kwa siku nne.

“Ndiyo maana nimewaita,” Bibi alisema. “Nitafutieni nyumba iliyokaa mahali pake. Kutoka hapo mpaka baharini kusizidi kutoka hapa mpaka bombani. Atakayenifikisha, ile cherehani ni yake.”

Wote watatu waligeuka kuitazama. Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefifia, lakini ikizungushwa ilienda bila kukwama. Mwajabu alikuwa akishona sare za watoto kwa mkono, sindano na uzi, mpaka vidole vikaota sugu. Mbaruku alikuwa akitupa nguo nzuri kwa sababu ya kishikizo na zipu. Na Sikudhani alikuwa ameambiwa na Fundi Kihiyo wa Soni, “Mimi nafundisha bure, lakini cherehani sina ya kukuazima. Njoo na yako. Nafasi ni moja, na nakungoja mpaka gulio la kufunga mwezi. Ukikosa nachukua mwingine.”

Hakuna aliyemuuliza Bibi, “Je, tukikufikisha wote?” Hilo ndilo kosa lao la kwanza.

Mwajabu ndiye aliyeanza. Alichukua namba za nyumba za wageni sita kutoka kwa madereva wa malori ya mboga, ambao hulala mjini kila wiki, akapiga simu moja baada ya nyingine. Bibi na wale wajukuu wawili walikaa karibu naye. Swali lake lilikuwa moja, “Kutoka kwenu mpaka baharini ni mbali?”

Nyumba ya kwanza mwanamume alijibu upesi. “Baharini? Hapo tu, mama! Unachungulia unaiona.”

Mwajabu alikata simu, akatikisa kichwa. “Nyuma yake kuna mtu anaita abiria wa Korogwe, na kuna majogoo kwenye tenga. Yule yuko stendi ya mabasi. Bahari anaichungulia kwenye kalenda.”

Nyumba ya nne aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Nyumba yake iliitwa Pumziko.

“Baharini? Mh, mbali kidogo, mgeni wangu. Watu huchukua bajaji.”

Bibi aliposikia hivyo alipunga mkono kuonyesha basi, imetosha. Kwa watu wa milimani, “hapo tu” ni nyuma ya kilima cha pili. “Mbali kidogo” ni safari unayofungia mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa. Kama mtu mwenyewe wa pale kasema mbali kidogo, Bibi angefika lini?

Lakini Mwajabu hakukata simu. Alifumba macho, akamwacha mwanamke aendelee kueleza habari za vyandarua.

“Ni hapa,” alisema alipomaliza. “Imepigwa honi ya meli, Bibi. Haikuja kwa mbali, imeingia dirishani. Na mlangoni kwake kuna muuza kahawa. Nimesikia vikombe vyake, vile wanavyovigonganisha wakipita. Kling, kling.”

“Una uhakika na vikombe?” Bibi aliuliza.

“Miaka miwili vilikuwa vinaniamsha.”

Kahawa ndiyo iliyomlainisha Bibi. “Basi aende mtu akatazame,” alisema.

Akaenda Sikudhani, kwa lori la kabichi, pembeni ya dereva aliyeimba njia nzima. Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo moja. Alisimama mlangoni kwa Bibi, akatembea mpaka bombani. Hatua mia sita na kumi na mbili. Akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Mjini alianzia ile nyumba ya “hapo tu”, ili awe na haki ya kuisema. Alipofika hatua ya elfu nne bila kuona maji aliacha kuhesabu.

Kisha akatafuta Pumziko. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye kuta nene, kwenye mtaa mtulivu upande wa bandari. Mwenye nyumba, Mama Mwanakombo, alimkuta ameinama kando ya kitanda cha chumba cha chini, akinong'ona namba.

“Mwanangu, umepoteza nini?”

“Sijapoteza. Bibi yangu hataanzia mlangoni, ataanzia kitandani. Nahesabu kutoka hapa.”

Mama Mwanakombo alimpisha, akasimama kutazama.

Njia za kwenda baharini, kwenye bustani iliyo juu ya bandari, zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, lakini ilikatwa na mtaro usio na daraja. Ya pili ilikuwa pana, yenye waendesha baiskeli wasiopiga kengele. Ya tatu ilipita nyuma ya majengo marefu ya zamani, tambarare, yenye kivuli asubuhi nzima. Sikudhani aliipita mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Kutoka kitandani mpaka kwenye benchi lenye kutazama maji ilikuwa hatua mia sita na tano, na ikabaki hivyo kila mara.

Saba zilibaki. Alikaa kwenye lile benchi, akatazama kiganja chake, akajiona tayari yuko kwa Fundi Kihiyo, mguu mmoja juu ya mwingine, akizungusha mpini.

Kila kitu kilikuwa tayari, ila mtu mmoja alikuwa hajaambiwa, na mtu huyo alisikia.

Shangazi Mwanahija, binti mkubwa wa Bibi, alikuwa ameolewa Tanga, na nyumba yake ilikuwa Ngamiani, huko ndani ambako barabara huitwa kwa namba, kwenye zile za namba za juu, mbali na bahari. Simu yake ilipoingia, haikuhitaji masikio ya Mwajabu. Walioko bombani waliisikia.

“Mama yangu alale gesti? Mji huu huu ninaoishi mimi? Nimekufa? Majirani wataniuliza nini, nimemfukuza? Akija atafikia kwangu. Akifikia kwingine, asinijue na mimi nisimjue!”

Bibi aliweka simu chini, akakunja kanga yake aliyokuwa ameitenga kwa safari. Kila mtu alielewa. Kwao, ukiwa na mtoto mjini ukalala nyumba ya wageni, umemvua nguo mbele ya watu. Bibi alitaka bahari, lakini si kwa kumwaibisha binti yake.

Hapo akainuka Mbaruku. Alipanda basi, akaenda mpaka kwa shangazi. Alikula alichopewa, akasifu, akaongezewa, akasifu tena. Alimtengenezea bawaba ya dirisha. Alisikiliza malalamiko yote tangu ya harusi ya mwaka juzi. Shangazi alipokuwa amechoka kulalamika, alishusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini:

“Shangazi, hili jambo Bibi asingependa mtu akwambie. Ni nadhiri.”

“Nadhiri gani?”

“Ya goti. Masika yale lilipovimba akawa hawezi hata kusimama kuswali, alinuia kuwa akipata nafuu atalala siku mbili nyumba isiyo ya ndugu, amshukuru Mungu bila shughuli ya mtu. Sasa wewe ukimlazimisha kwako...”

Shangazi Mwanahija alishika kifua. “Mimi nimvunjie mama nadhiri? Astaghfirullah. Mbona hamkusema?”

“Si unamjua. Ni msiri.”

“Basi chakula nitapeleka mimi. Hilo nadhiri haikatazi?”

“Chakula,” Mbaruku alisema baada ya kufikiri kidogo, “hakikutajwa.”

Hivyo Ijumaa wakaondoka wote wanne.

Jumamosi asubuhi Bibi aliamka kwenye kitanda chake, nyuma ya mlango wake. Alikaa kidogo ukingoni, akiipigapiga shuka kwa kiganja kama mtu anayemjaribu ng'ombe wa kununua. Kisha akavaa, akachukua mkongojo, akatoka.

Sikudhani alikwenda kando yake, akihesabu moyoni hatua zake mwenyewe. Nyuma yao walikuja Mwajabu na Mbaruku. Kivuli kilikuwepo, kama alivyosema. Njia ilikuwa tambarare, kama alivyosema. Walifika kwenye jengo lenye vibaraza vya mbao, ambapo yeye alikuwa amehesabu mia nne, na akapata mia nne ileile. Akafurahi.

Kisha Mwajabu akasema kwa nyuma, “Sikudhani. Ndara za Bibi zimepiga mia saba na ishirini.”

“Haiwezekani.”

“Nimezisikia zote.”

Sikudhani alitazama miguu ya Bibi, halafu yake, na pale pale akaona alichokifanya. Kule kwao njia ya bombani huteremka na kupanda, na mtu hashiki njia ile kwa hatua ndefu. Hukanyaga, hujizuia, hukanyaga. Hapa Tanga, kwenye ardhi iliyolala, miguu yake ilikuwa imejitupa bila yeye kujua. Hatua mia sita za mlimani na hatua mia sita za mjini hazikuwa kitu kimoja. Alikuwa amempimia Bibi njia inayokaribia mara mbili ya bomba, na hakuna mtu wa milimani ambaye angelifikiria hilo, maana nani kwao alishawahi kupima hatua mahali pasipo na mteremko?

“Bibi, turudi,” alisema.

“Kwani tumefika?”

“Hapana. Nimekosea. Goti litavimba.”

“Goti langu au lako?” Bibi aliuliza, akaendelea kwenda.

Alifika. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mguu, akaitazama bahari kwa muda mrefu. Meli moja ilikuwa imetia nanga, na watu wadogo wadogo walikuwa wakipaka rangi ubavu wake. Muuza kahawa alikuwa chini ya mti wa pale bustanini, akaja na dele lake, birika la kahawa, na sahani ya kashata. Bibi alikunywa vikombe vinne.

Sikudhani hakunywa. Alikuwa akilitazama goti.

Walirudi polepole. Chumbani Bibi alikaa kitandani, akapandisha gauni kidogo, akaliminya goti kwa vidole viwili. Lilikuwa vilevile.

“Huku hakuna mlima,” alisema, kama aliyegundua jambo la kawaida. “Kumbe si umbali ulioniumiza miaka yote. Ni mteremko.”

Mwajabu alikuwa amefurahi, lakini furaha yake haikumaliza saa. Mchana alimuuliza Mama Mwanakombo muuza kahawa wa mlangoni hupita saa ngapi.

“Muuza kahawa? Mtaa huu hapiti, mgeni wangu. Yuko kule bustanini.”

“Siku niliyopiga simu nilisikia vikombe vyake.”

Mama Mwanakombo alifikiri, kisha akacheka mpaka akashika meza. “Nilikuwa naosha vyombo, mwanangu! Simu nimeibana na bega.”

“Na honi?”

“Honi ilikuwa ya meli, hiyo haki yako.”

Zamu ya Mbaruku ilifika wakati wa chakula. Shangazi Mwanahija aliingia na hotipoti mbili na kikapu, akambusu mama yake mkono, akanong'ona, “Mama, nadhiri yako Mungu aikubali.”

Bibi alimtazama binti yake. Kisha akamtazama Mbaruku, ambaye ghafla alikuwa amependa sana kutazama dari.

“Amin,” Bibi alisema.

Shangazi alipoondoka, Bibi alimwita mjukuu wake. “Umenitwika nadhiri nisiyoiweka.”

“Bibi, ilikuwa ni...”

“Nyamaza. Pale pale aliponiambia, nimeinuia moyoni, ili mwanangu asiwe amedanganywa. Sasa ni nadhiri ya kweli, na goti ni zima, na siku mbili lazima nizitimize. Bahati yako nilikuwa ninazitaka.”

Asubuhi ya pili wajukuu waliamka wakakuta kitanda cha Bibi kimetandikwa na mkongojo umeachwa umeegemea ukuta. Walikimbia njia nzima. Walimkuta kwenye benchi lake, kikombe mkononi, anazungumza na muuza kahawa kama watu wa mtaa mmoja.

“Mmechelewa,” aliwaambia.

Sasa turudi kwenye kile chumba, maana wale wawili bado wameishika cherehani.

“Tugawane siku,” Mbaruku alisema. “Mbili mbili kila mmoja, Jumapili ipumzike.”

“Fundi Kihiyo anataka ikae pale dukani wiki nzima,” Sikudhani alisema.

“Na mimi nashonea nyumbani, nina watoto wawili,” Mwajabu alisema. “Niibebe kichwani nipande nayo na kushuka nayo?”

“Basi tuiuze.”

Ndoo ya maharage iligongwa chini huko barazani, mara moja, kwa nguvu. Hakuna aliyetaja tena habari ya kuuza.

“Haya, semeni ukweli,” Mwajabu alisema, na mara hii hakupaza sauti. “Ile nyumba ningeiacha, mngeijua? Bibi alishapunga mkono. Vikombe havikuwa vya kahawa, nakubali. Lakini ni nani aliyesema ni hapa?”

“Wewe,” Sikudhani alisema. “Lakini ungemleta Bibi mpaka pale, ungempitisha njia gani? Ya mtaroni? Ya baiskeli? Hesabu yangu haikuwa sawa, nakubali. Lakini ni njia ya nani aliyoipita?”

“Yako. Na mngelala wapi, enyi wenye masikio na miguu?” Mbaruku alisema. “Kwa shangazi. Nimedanganya, nakubali. Lakini mlango ule ulifunguliwa na nani?”

Sikudhani aliutazama mkono wake juu ya cherehani. Wino wa kiganjani ulikuwa umefutika zamani, lakini bado alijua namba iliyokuwa pale. Aliwaza kwamba kesho, siku ya gulio la kufunga mwezi, saa mbili asubuhi, Fundi Kihiyo angefungua duka lake na kutazama barabarani mara moja, si zaidi. Aliwaza pia vidole vya Mwajabu, ambavyo sasa vilikuwa karibu sana na vyake, na alizihisi sugu zake. Angetamani asingezihisi.

Hakuondoa mkono. Mwajabu naye hakuondoa.

Nje kelele zao zilikuwa zimekusanya watu. Wanawake waliokuwa wakitoka bombani walikuwa wamesimama na ndoo vichwani, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe alikuwa ameliegemea, na wewe pia, kama ungekuwa unapita njia ile, ungesimama.

Bibi Mwantumu aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kanga. Alitembea bila mkongojo mpaka mlangoni kwake, pale Sikudhani alipoanzia kuhesabu, akashika mwimo. Aliwatazama wajukuu waliokuwa ndani, kisha akawageukia waliokuwa nje.

“Mmesikia wenyewe,” alisema. “Huyu alisikia visivyo. Huyu alipima visivyo. Huyu alisema yasiyokuwepo. Wote watatu walikosea, na mimi nilifika. Nilisema cherehani ni ya aliyenifikisha, sikusema ni ya anayeihitaji, na neno langu siwezi kulirudisha. Mpaka jua la kesho lichomoze lazima iwe imetoka humu ndani, iko mikononi mwa mtu mmoja. Nimechambua maharage debe zima nikiwaza, sijapata. Haya, wewe uliyesimama hapo na ndoo yako: ungekuwa mimi, ungempa nani?”